Tulivyommaliza Mama Mkwe

Siku Mama Mkwe alipotua kwa kishindo hakufa mtu, na hilo ndilo lililotuponza. Angekufa mtu, wakubwa wangemiminika, uamuzi ungepatikana haraka, na sisi wa karakana tungepewa amri moja iliyonyooka: tengenezeni, au bomoeni. Lakini abiria walishuka kwa miguu yao, wengine wakipiga picha, mmoja akilalamika kuwa chupa yake ya manukato imepasukia ndani ya begi. Kwa hiyo hapakuwa na haraka. Ndege ikakokotwa mpaka karakana, ikaegeshwa kona ya nyuma, ikaanza kusubiri.

Ndiyo, Mama Mkwe ni ndege. Kampuni yetu ni ndogo, ina ndege tatu za aina moja, na karakana nzima tunaziita kama ndugu. Shangazi ndiye mkubwa. Kitindamimba ndiye aliyenunuliwa mwisho. Wa katikati tulimwita Mama Mkwe kwa sababu hakukosa la kulalamikia: leo taa inawaka bila sababu, kesho mlango unagoma kufungwa, na akiingia karakana kila fundi hujikuta amenyoosha mgongo. Tulimteta sana, na tulimpenda sana. Mimi kazi yangu ni kushona na kukarabati viti. Cherehani yangu iko kwenye chumba cha juu chenye dirisha linalotazama chini ukumbini, kwa hiyo hakuna kinachonipita. Watu husema nina mdomo. Ninao, na macho pia ninayo.

Fundi mkuu wa karakana ni dada yangu wa tumbo moja. Na kapteni aliyekuwa akimrusha Mama Mkwe siku ile ni mume wake, shemeji yangu, ambaye tangu wapate watoto wao wawili kwa mpigo kila mtu humwita Baba Mapacha. Mapacha wenyewe ni watu wazima sasa, wanajitegemea, lakini jina halikustaafu.

Wachunguzi walikuja, wakasikiliza walichosikiliza, wakasema kapteni hakuwa na la kufanya zaidi. Ilikuwa mvua, na upepo wa ubavuni uligeuka ndege ikiwa inakaribia kabisa kugusa chini. Shemeji akasafishwa. Tukashangilia mapema. Mkurugenzi alimwita ofisini, akampa chai, kisha akamwambia jambo ambalo dada alinisimulia neno kwa neno: "Kapteni, kosa huna. Lakini nimebaki na ndege mbili, na ndege mbili zina marubani wa kuzitosha. Siku Mama Mkwe akirudi angani, wewe ndiye utakayemtoa. Asiporudi, tutakutafutia meza."

Meza! Mtu aliyezoea kuona jua likichomoza juu ya mawingu unampa meza. Kampuni nyingine haziajiri kapteni mwenye mvi zake, hilo alilijua, na sisi tulilijua. Kwa hiyo riziki yake, heshima yake na usingizi wake vyote viliegeshwa pale kona ya nyuma, juu ya jeki.

Mkadiriaji wa bima alikuja mara ya kwanza wiki hiyohiyo. Alikuwa mzee mpole, mfupi, anayemung'unya pipi za mnanaa kutwa nzima na kuingiza makaratasi yake mfukoni ili asichafue mahali. Alimzunguka Mama Mkwe, akalala chali chini ya tumbo lake, akagongagonga, akamulika tochi. Mguu wa kulia ulikuwa umepasuka pale unaposhikana na bawa, na bati la chini ya mkia lilikuwa limekunjamana. Aliponyanyuka alijipangusa magoti, akamtazama dada.

"Huyu kavunjika mguu tu," alisema. "Injini nzima, mitambo mizima, chumba cha marubani kizima. Anatengenezeka. Nitaandika hivyo."

Dada si mtu wa kucheka kazini. Siku hiyo alicheka mpaka nikamsikia kule juu. Akapanda ngazi mbilimbili, akaingia chumbani kwangu, akanikumbatia na mikono yake ya grisi, blauzi yangu nyeupe ikaenda na maji. Sikusema kitu. Mimi, nisiseme kitu!

Tatizo likawa kusubiri. Wenye bima walitaka kujua kampuni itabeba nini, kampuni ikataka kujua wenye bima watabeba nini, kila upande ukimtumia mwenzake salamu za heshima. Wiki zikawa mwezi, mwezi ukazaa mwenzake. Na wakati wao wanaandikiana, Shangazi na Kitindamimba walikuwa angani kutwa, wakibeba abiria wa ndege tatu, wakichoka.

Sasa hapa lazima nieleze desturi yetu, kwa maana bila hiyo hutaelewa. Ndege iliyolala humsaidia inayoruka. Shangazi akiharibikiwa pampu asubuhi na abiria wameshakaa wamefunga mikanda, na pampu mpya itachukua siku kadhaa kufika, fundi huenda kwa ndege iliyolala, anafungua ya kwake, anamfungia Shangazi, na safari inaendelea. Pale palipobaki wazi unafunga lebo nyekundu, fundi mkuu anaisaini, na kifaa kipya kikifika kinarudishwa kwa mwenyewe. Tunaita kuazima. Ni jambo halali na limeokoa safari nyingi. Nimeliona tangu niajiriwe, na sijawahi kuliona baya.

Wa kwanza kuazima alikuwa Bwana Kesho. Huyo ni fundi wa zamu ya asubuhi, hodari kwelikweli, mwenye mikono mirefu inayofika mahali ambapo ya wenzake haifiki. Tulimpa jina hilo kwa sababu hakuna alichowahi kuazima bila kusema, "Nitarudisha kesho." Alimjia dada akitweta.

"Bosi, Shangazi pampu imekufa. Abiria wako ndani, watoto wanalia. Nichukue ya Mama Mkwe?"

Niliona dada anavyosita. Aligeuka akatazama kona ya nyuma. "Ya kwetu itafika lini?"

"Kesho, bosi. Ikizidi sana, keshokutwa."

"Subiri kwanza. Piga simu uulize stoo kuu."

Waliuliza, haikuwepo, na mwishowe akakubali. Lakini kule kusita kwake watu walikuona. Adhuhuri alishuka chumba cha chai, na kabla hajaingia alisikia sauti ya mtu ndani, sijui ya nani na hata leo sitaki kujua: "Ingekuwa ndege ya mume wa mwingine, pampu ingekuwa imeshatoka zamani. Lakini ile ni mali ya nyumbani." Wakacheka. Ni mzaha tu wa mafundi, wa aina ile tunayotaniana kila siku. Dada hakuingia. Alipanda kwangu akaketi juu ya furushi la sponji, uso umemshuka.

"Umesikia wanavyosema?"

"Waache waseme. Midomo ni yao."

"Si waache waseme," alijibu. "Mimi ndiye ninayesaini. Wakishasema napendelea, nani ataamini saini yangu tena?"

Tangu siku hiyo dada hakusita tena. Ndilo lililonitia hasira wakati ule, na ndilo linaloniuma mpaka leo. Dada yangu ni mtu wa haki mpaka anakera. Tulipokuwa wadogo mama akimpa kazi ya kugawa nyama, alinipa mimi kubwa na yeye akabaki na mfupa, ili asije akaambiwa amejipendelea. Mama alikuwa akimgombeza kwa hilo. Alikua nalo, akaja nalo kazini, akapandishwa cheo kwa sababu yake.

Bwana Kesho akaja kwa breki, akapewa. Akaja kwa jenereta, akapewa. Wa zamu ya jioni wakaona mlango uko wazi, nao wakaja. Kioo cha mbele, upande wa kushoto. Rada. Tairi zote. Vifaa vipya vilipofika havikurudi kwa Mama Mkwe, kwa sababu siku vinapofika ndipo Kitindamimba naye anapoharibikiwa kitu kilekile, na anayeruka ana haki kuliko aliyelala. Hata injini moja ilitoka, ikateremshwa na winchi mchana kweupe, dada akiwa amesimama pembeni na kalamu. Lebo nyekundu ziliongezeka. Feni zikiwashwa zilipepea zote pamoja, ungedhani mtu ameanika nguo za watoto kwenye kamba.

Siku moja sikuvumilia. Nilishuka nikamvuta dada pembeni, nyuma ya makabati ya spana.

"Dada, kataa. Hata kimoja tu. Waambie wasubiri spea."

"Na abiria?"

"Abiria watalala hotelini, hawatakufa! Fundi mkuu yeyote angeshakataa. Yule aliyekutangulia alikuwa mkali kama pilipili, bisibisi ilikuwa haitoki kwenye ndege iliyolala bila vita."

"Yule hakuwa mke wa mtu," alisema dada. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: "Nisingekuwa mke wake, ningekataa. Hiyo ndiyo shida yangu."

Nimelitafuta jibu lake tangu siku hiyo.

Nyumbani kwao nilikwenda kula kila Jumapili, kama kawaida. Shemeji alikuwa anapiga pasi. Ni mtu asiyeruhusu mtu mwingine kugusa shati lake la kazi. Hupiga mwenyewe, kola kwanza, kisha mikono, kisha yale mabega yenye mistari. Ndege haikuwa ikiruka, yeye hakuwa na safari, lakini kila Jumapili alilitoa shati lilelile safi, akalipiga tena, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebule. Nilimtania kuwa atalitoboa kwa moto. Alicheka. Mwanzoni alikuwa anacheka.

"Mama Mapacha, Mama Mkwe anaendeleaje?" alimuuliza dada tukiwa mezani.

"Anasubiri," dada alijibu, akimwongezea mchuzi.

"Mwambie nami nasubiri."

Wakacheka wote wawili, nami nikainamia sahani yangu. Hakumdanganya, maana kweli alikuwa anasubiri. Lakini hakumwambia habari ya lebo. Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza kwa nini, akasema, "Nikimwambia, ataniomba niache. Akiniomba, nitaacha. Halafu nitakuwa kweli nimefanya yale wanayosema." Shemeji naye hakuja karakana. Aliona aibu kuonekana anazungukazunguka kama mtu anayeombaomba.

Halafu ikaja zamu ya kiti.

Kiti cha kapteni cha Kitindamimba kilivunjika kufuli, kikawa kinateleza nyuma, na rubani asiyeshikwa na kiti chake hapaswi kuruka. Bwana Kesho akafungua cha Mama Mkwe, kile cha kushoto, akaniletea juu nikibadilishe kitambaa kifanane na mwenzake. Alikiweka sakafuni taratibu. Hakusema kesho.

Kiti hicho nilikijua. Miaka mingi iliyopita nilikiongezea sponji upande mmoja, kwa sababu shemeji ana nyonga inayomuuma na hukaa ameegemea kidogo. Nilipokivua kitambaa nililiona lile bonde alilolichimba kwa kukaa. Nilitaka kuacha sponji ilivyo, lakini kapteni wa Kitindamimba angelalamika. Nikaitoa, nikaweka mpya iliyo sawasawa. Nililia juu ya cherehani, nikajipangusa, nikamaliza kazi kabla ya safari ya mchana. Na lebo iliyofungwa pale sakafuni, kwenye reli za kiti, dada aliisaini kama alivyosaini nyingine zote.

Siku chache baadaye wakubwa wakaafikiana. Ndiyo maisha yalivyo na ubishi. Mkurugenzi alitangaza mbele ya wafanyakazi wote: bima wamekubali, kampuni imekubali, Mama Mkwe atengenezwe, mkadiriaji anarudi kuthibitisha tu hali yake, kazi ianze. Watu wakapiga makofi. Kisha makofi yakapungua, yakakoma, kwa sababu mmoja baada ya mwingine tuligeuka kutazama kona ya nyuma.

Mkadiriaji alifika asubuhi ya jua kali. Alimzunguka Mama Mkwe mara moja, safari hii bila kulala chini. Hapakuwa na haja. Alisoma lebo moja, akasoma ya pili, akaacha kusoma. Pipi aliyokuwa nayo mdomoni aliitoa akaifunga kwenye karatasi yake. Nilikuwa nimeshuka, nimesimama na mafundi.

"Nilikuachia mgonjwa aliyevunjika mguu," alimwambia dada.

"Najua."

"Hivi vitarudi lini?"

Dada akamtazama Bwana Kesho. Bwana Kesho akatazama viatu vyake.

"Havirudi," alisema dada. "Vingi viko angani hivi sasa. Nikivirudisha hapa, nasimamisha ndege mbili ili nitengeneze moja."

"Na tukinunua vyote vipya?"

"Ni kama kununua ndege nyingine na kuifungia mkia wa hii."

Mzee alitoa kalamu yake. Nilidhani atamfokea, na ningekuwa radhi afoke. Aliuliza kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi: "Fundi, mguu ule ningeutengeneza kwa furaha. Lakini maoni yako ya kitaalamu ndiyo nitakayoyaandika. Wewe unapendekeza nini?"

Kila mtu pale alijua dada anaulizwa nini. Angeweza kusema itengenezwe, akawaachia wakubwa wagombane mwaka mwingine, na shemeji angeendelea kupiga pasi. Nilimwombea aseme hivyo. Dada alipiga moyo konde, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Ifutwe. Haitaruka tena."

Mkadiriaji akaandika. Dada akauliza ataandika sababu gani.

"Kutua kwa kishindo," alisema. "Bima inataka tukio, na tukio ni lile. Kuazima si tukio."

"Lakini siyo kishindo kilichomuua!" Dada alisema. "Wewe mwenyewe ulisema anatengenezeka. Ni sisi. Andika ni sisi!"

Mzee alitikisa kichwa, akafunga kalamu.

Na hapo ndipo tulipomwona shemeji.

Alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa, jua nyuma yake, amevaa lile shati. Alikuwa amesikia tangazo la mkurugenzi kwa wenzake, akaona leo aibu imekwisha, aje amwamkie Mama Mkwe. Sijui alikuwa amefika saa ngapi na amesikia nini. Mafundi walimpisha njia. Aliwapita wote, akampita na dada, akapanda ngazi, akainama kidogo pale mlangoni kama anavyoinama siku zote, akaingia.

Dada alimfuata, nami nikamfuata dada, kwa sababu ni dada yangu.

Chumba cha marubani kilikuwa na matundu kila mahali, nyaya zimefungwa vifundo, lebo juu, lebo chini. Shemeji alikuwa amesimama upande wa kushoto, ameinamisha kichwa kwa ufinyu wa dari, mahali ambapo mtu hasimami. Alikuwa anatazama reli mbili sakafuni.

"Kiti kiko wapi?" aliuliza.

Nikajibu mimi. "Kwa Kitindamimba, shemeji."

Akachuchumaa, akaishika ile lebo, akaisoma. Mwandiko wa mke wake anaujua. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Zote umesaini wewe?"

"Zote," alisema dada. "Sikiliza, Baba Mapacha. Wataandika ni kutua kwako. Si kweli. Ungekuwa unaruka sasa hivi. Ni mimi niliyemmaliza, kidogokidogo, kila siku, na kalamu."

"Kwa nini hukukataa?"

"Wangesema nakataa kwa ajili yako."

Shemeji aliinuka, akasahau dari, akagonga kichwa, wala hakujishika. Alimtazama mke wake bila hasira. Laiti angekuwa na hasira.

"Yasingekuwa maneno yao tu," alisema. "Ingekuwa kweli."

Dada akaweka mkono mdomoni. Shemeji akatupita, akashuka ngazi taratibu kwa sababu ya ile nyonga yake. Tulimsikia chini akiwaaga mafundi mmojammoja kwa heshima, hata Bwana Kesho.

Tulipotoka, dada aligeuka kuufunga mlango wa Mama Mkwe, kama anavyofanya kwa kila ndege akitoka ndani yake. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali pa kitasa, ukakuta lebo. Alikuwa amekiazimisha mwezi uliopita, akasahau. Akasimama ameishika ile karatasi nyekundu, nami nikamshika bega, na mlango tukauacha wazi.